Betri Hazimo

Ningependa kukutana na mtu aliyebuni tangazo la "betri hazimo", kisha akaamua lichapwe kwa herufi ndogo kuliko punje ya ufuta, kwenye pembe ya boksi, chini ya picha ya mtoto anayecheka huku winchi aliyoiunda ikizunguka. Sina nia ya kumdhuru. Nataka tu anieleze yule mtoto wa pichani alipata wapi betri zake, maana kila boksi la kuunda vitu na kila boksi la sayansi lililoingia nyumbani kwetu nilipokuwa mdogo lilipungukiwa na kitu, na kitu hicho hakikuwahi kuwa kile ambacho ungeweza kuendelea bila yake.

Chukua boksi la vyuma. Ndani mlikuwa na vipande bapa vyenye matundu, magurudumu, kapi, uzi, spana ndogo isiyoshikika, na nati za kutosha kuunda robo tatu ya daraja. Daraja lenyewe lilikuwa kwenye kifuniko, limesimama kwa fahari, ila ukilichunguza vizuri ungegundua kwamba limejengwa kwa vipande vya boksi kubwa zaidi, ambalo picha yake nayo, bila shaka, ilitoka kwenye boksi kubwa kuliko hilo. Naambiwa mambo haya yalianza kwa nia njema kabisa. Frank Hornby, karani wa Liverpool, aliwatengenezea wanawe vipande vya metali vya kuchezea, akapata hataza, yaani haki ya mbunifu, mwaka 1901, na ubunifu wake ukaja kuitwa Meccano. Matundu yaliachana kwa nusu inchi, kwa hiyo kipande chochote kingeweza kufungwa na kingine popote pale, jambo ambalo mpaka leo naliona kuwa akili ya hali ya juu. Baadaye, hata hivyo, maboksi yakaja kupangwa kwa namba kuanzia 0 hadi 10, na baina ya namba na namba pakawekwa boksi la nyongeza la kukuvusha kwenda inayofuata. Letu lilitengenezwa na watu wengine, ambao siwataji, lakini hawa nao walilijua sana neno "nyongeza". Baba alilisoma mara moja tu, akakunja karatasi, akaniambia daraja langu ni zuri hivyo hivyo, wapitaji waruke.

Boksi la sayansi lilikuwa na ujanja wake. Kijitabu cha maelekezo kilianza kila jaribio kwa orodha ya vitu ambavyo ungehitaji kuvitafuta mwenyewe: siki, taa ya spiriti, mtungi wa kioo, na mtu mzima. Mtu mzima ndiye aliyekuwa adimu kuliko vyote, na akipatikana alikunyang'anya lenzi, akajiinamia juu ya bawa la nzi mpaka wakati wa kulala. Wale ambao hawakuitwa ndio waliojitokeza bila kukosa. Nilikuza fuwele za mrututu, ambazo hutaka kitu kimoja tu, yaani kuachwa zitulie kwa siku kadhaa katika mchanganyiko uliokolea, na kila aliyepita karibu na ule mtungi aliuinua, akautikisa, na kuuliza kama kile cha buluu ndani kinaliwa.

Kinachoniuma zaidi ni kujua walichopewa wenzetu. Alfred Carlton Gilbert wa Marekani, aliyepata medali ya dhahabu ya kuruka kwa upondo katika Olimpiki ya London mwaka 1908, aligeukia kutengeneza vitu vya watoto, na mwaka 1950 kampuni yake ikatoa boksi la nishati ya atomu lenye kifaa cha kugundua mnururisho, yaani miale hatari ya atomu, pamoja na sampuli za madini ya urani. Narudia: urani, tena ya kweli, kwa ajili ya mtoto. Sisi tulionekana hatuwezi kukabidhiwa hata betri mbili za tochi.

Watetezi wa matofali ya plastiki hujibu kwamba kwao hakuna upungufu, kwa sababu matofali sita tu ya LEGO yenye vifundo vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Sibishani na hesabu. Nasema tu kwamba katika njia zote hizo hakuna hata moja inayotoa gurudumu la nne.

Juzi mpwa wangu aliletewa winchi ya kisasa. Nilikagua kila kitu kabla hajaigusa: nati zimo, uzi umo, na betri, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, zimo. Tukaiunda, ikasimama, nikanyoosha kidole kwenye swichi.

"Mjomba, usibonyeze," akasema, akiwa ameinamia simu ya mama yake. "Programu yake haijamaliza kupakuliwa, na bando limekwisha."