Maua yanayomchelewesha msafiri

Mwambie mkazi wa Houston, Texas, ang'oe maua yake mekundu yaliyojaa viwavi, kisha umweleze kuwa ni kwa faida ya vipepeo. Atakuona umerukwa na akili. Viwavi si hao hapo, wanakula? Kweli, wanakula.

Huo ndio ubishi wa wapenda bustani wa kusini mwa Marekani kuhusu kipepeo monarki, ambaye kila vuli huhama kuelekea Mexico kukaa huko msimu wa baridi. Kiwavi wake hali kitu ila mimea ya utomvu mweupe ya jenasi ya Asclepias na ndugu zake wa karibu. (Afrika Mashariki tunaye ndugu yake, Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa. Naye hutaga kwenye mimea ya utomvu.) Mahindi na soya zinazostahimili dawa ya magugu zilipoenea tangu miaka ya 1990, dawa hiyo ilinyunyiziwa kote, mimea ya Asclepias ikapungua mno mashambani, na watu wakahimizwa kuipanda nyumbani. Wakatii. Wengi wa kusini walinunua walichokikuta kwenye vitalu: Asclepias curassavica, mgeni kutoka nchi za joto za Amerika, mwepesi kuotesha, asiyeacha kuchanua. Spishi za asili za Texas, kama Asclepias viridis, humea taratibu, hazipendi kuhamishwa, na si rahisi kuzipata dukani.

Wanaomtetea mgeni huyo wana hoja nzito kuliko urembo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba majike wenye kimelea kiitwacho Ophryocystis elektroscirrha hupendelea kutaga kwenye curassavica, na sumu ya majani yake hupunguza makali ya kimelea hicho kwa watoto wao. Yaani mmea unaolaumiwa ni dawa. Ila dawa inayompa mgonjwa nguvu ya kuishi bila kumponya humpa pia muda wa kuambukiza, na hapo ndipo ninapoanza kuwaelewa wanaosema ung'olewe.

Tazama kimelea kinavyosafiri. Spora zake, yaani chembe ndogo anazozalia, hukaa juu ya ngozi ya kipepeo, zaidi tumboni. Ukibandika kipande cha selotepu tumboni na kukiweka chini ya hadubini, utaziona zimejipanga katikati ya magamba. Jike akitaga, spora humwagika juu ya yai na jani. Kiwavi huzila pamoja na chakula chake cha kwanza. Aliyezidiwa hutoka kwenye pupa na mabawa yaliyokunjamana, asiweze kuruka.

Mmea wa asili hukauka kila mwaka, majani yakaanguka na spora zake, na yanayochipua baadaye huwa safi. Kule Minnesota hata curassavica huuawa na baridi, kwa hiyo huko ubishi huu hauna uzito. Lakini kwenye pwani ya Ghuba ya Mexico haufi. Majani yanabaki, spora zinarundikana, na kipepeo aliyetakiwa kuendelea hadi milima ya Michoacán, Mexico, anakuta meza imeandaliwa, anaghairi safari, anazaa papo hapo. Utafiti wa mwaka 2015 ulikuta vipepeo wanaozaliana huko wakati wa baridi wana uwezekano wa kuambukizwa mara 5 hadi 9 kuliko wanaohama.

Hiyo mara 5 hadi 9 hainitoki kichwani. Kuhama kwenyewe ni chekecheke: mgonjwa hawezi kumaliza maelfu ya kilomita. Anayebaki hachekechwi. Na Machi ikifika, waliosalimika Mexico wanapitia Texas kutaga, juu ya majani yale yale.

Ushauri wa kati ni kuukata mmea karibu na ardhi kuanzia Oktoba. Unafaa kwa mwenye bidii. Lakini vuli ikiwa na joto huchipua tena baada ya wiki chache, na jirani hakati. California ilishauingiza kwenye orodha ya magugu hatari mwaka 2022. Huko huko wataalamu wanasihi watu wasipande hata mmea wa utomvu wa asili karibu na misitu ya pwani wanamolala monarki. Kinachogombewa, basi, ni majira ambayo mmea una majani, zaidi ya uzawa wake.

Bustani za Houston hazikuwamaliza monarki. Msimu wa baridi wa 1996–97 walifunika takriban hekta 18 za msitu huko Mexico. Wa 2024–25 walifunika hekta 1.79, na sehemu kubwa ya lawama ya kupungua huko ni ya dawa za magugu, ukame na ukataji miti. Pia anayeng'oa akaacha udongo mtupu amewanyima viwavi chakula tu. Apande kwanza Asclepias incarnata, spishi ya asili inayopatikana kwa urahisi zaidi kidogo, ndipo ang'oe. Kisha atafute maua ya vuli kama Verbesina virginica, meupe, yasiyovutia sana kwenye picha. Mwezi Oktoba kipepeo anayepita hatafuti jani la kutagia. Anatafuta nekta ya kujaza mafuta mwilini, kwa sababu atakaa miezi kadhaa juu ya miti ya Mexico akila kidogo sana.