Damu chooni, na haraka yetu ya kuiita bawasiri

Kila linapozungumzwa suala la saratani nchini kwetu, lawama ni ile ile: wagonjwa wanachelewa, wanafika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kuchelewa wanachelewa kweli. Ninachokataa ni ile picha ya mtu aliyekaa nyumbani bila kujali. Ninaowafahamu waliougua saratani ya utumbo mpana walihangaika tangu mwanzo, na kila walipokwenda walipewa dawa ya ugonjwa mwingine.

Baba yangu mdogo alipoona damu alikwenda duka la dawa la mtaani. Dirishani walikuwapo kina mama wawili wakinunua dawa za watoto. Akasubiri waondoke, ndipo akamnong'oneza muuzaji, binti wa rika la mwanawe, kwamba anasumbuliwa na bawasiri. Damu hakuitaja. Bawasiri ni jambo ambalo mwanaume mzima anaweza kulisema na heshima yake ikabaki. Akapewa dawa ya kupaka.

Damu ikakata, na hapo ndipo penye mtego. Uvimbe wa utumbo hauvuji kila siku. Huvuja, hutulia, kisha huvuja tena, na dawa yoyote uliyotumia wakati umetulia itaonekana imekuponya. Iliporudi alinunua dawa ile ile. Baadaye zahanati ikampa dawa za amiba. Alipoanza kuhema akipanda ngazi, aliambiwa damu imepungua, akaandikiwa vidonge vya kuongeza damu, na nyumbani tukamkazania juisi ya choya na matembele. Hatukujiuliza, na wala wahudumu hawakuuliza: mwanaume mtu mzima, haendi hedhini, hajaumia popote, damu yake inapotelea wapi? Alipofika kwenye kolonoskopi, kipimo cha kuingiza kamera ndani ya utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa, utumbo ulikuwa umekaribia kuziba.

Tusisahau vyoo vyenyewe. Vingi ni vya shimo, tena vya giza, hata rangi ya choo huioni. Damu inayotoka upande wa kulia wa utumbo mpana huchanganyika na choo kiasi kwamba hata mwenye choo cha kisasa haioni.

Halafu kuna kipimo cha kidole, daktari akipapasa kwa kidole ndani ya njia ya haja kubwa, ambacho wanaume wengi wanaona bora kufa kuliko kufanyiwa. Kinachukua kama dakika moja, hakihitaji mashine, na kinaweza kugundua uvimbe ulio karibu na njia ya haja kubwa. Naomba ndugu zangu mkidai hata kama daktari hajakitaja. Na wanaodhani haya ni ya wazee, mwigizaji Chadwick Boseman aligunduliwa na saratani hii mwaka 2016 na kufariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani walishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ugonjwa huu hutupatia muda. Vinyama vinavyoota ndani ya utumbo kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi kabla ya kugeuka saratani, na vikionekana mapema huondolewa kwa kamera hiyo hiyo. Lakini kolonoskopi iko kwenye hospitali kubwa, ina gharama, na mtu wa wilayani huwazia nauli na mahali pa kulala kabla hajafikiria kipimo.

Kwa hiyo ningeanzia dirishani pa duka la dawa, maana ndipo watu wanapofika kwanza. Anayerudi kununua dawa ya bawasiri mara ya pili asiuziwe tu. Aulizwe pembeni, kwa staha: unaona damu? Choo kimebadilika kwa zaidi ya wiki tatu? Umepungua mwili? Akijibu ndiyo hata kwa moja, aandikiwe karatasi ya kwenda hospitali, yenye maneno yale anayoona haya kuyatamka, ili akifika aikabidhi tu.