Paka Mnayemsikia Ni Mimi

Naona hadithi imewafikia kabla yangu. Rafiki yangu amewatangazia kwamba alinikuta nimeinama, nalamba maziwa kwenye bakuli kama paka. Ni kweli. Ila ameruka mwanzo, na mwanzo ndio unaonitetea. Kidogo.

Vidukari walikuwa wamenimalizia mmea. Ukigeuza jani unawakuta wamejipanga, kijani juu ya kijani, midomo imezama kwenye mshipa, na sisimizi wanapita katikati yao kama wachungaji, wakilamba ule utamu wanaoutoa nyuma. Majani yamejikunja, yananata. Na jike la kidukari halina shida ya dume, linazaa tu, watoto wazima kabisa wanaotembea. Nilikuwa nawaponda kwa vidole kila jioni. Baada ya siku mbili ukoo umerudi, na wageni juu.

Nikatangaza kwa maringo kwamba mimi sinunui sumu, natumia njia za asili. Pilipili kali, kitunguu saumu, sabuni kidogo, maji. Maelekezo yalisema pilipili chache kwa lita moja. Chache kwa nani? Nikatia konzi mbili. Nikatwanga, nikaloweka usiku kucha. Asubuhi nafunua ndoo, pua ikaniambia tuache. Sikuisikiliza.

Nikachuja kwa kitambaa. Nusu. Kufika katikati nikachoka, nikamimina iliyobaki kwenye chupa ya kupulizia na makapi yake, kitambaa nikakitupia begani. Hicho kitambaa kiwekeni akilini. Na kabla hamjauliza, ndiyo, nilivaa glavu. Mtu makini. Mikono nikailinda, uso nikauacha.

Nikabinya. Kimya. Nikabinya tena, likatoka tone moja. Nikatazama mdomo wa chupa: mbegu ya pilipili imeketi pale mlangoni, nyeupe, haina haraka. Mwenye akili angefungua kifuniko akasuuza. Mimi nikaigeuza chupa, nikaisogeza hadi karibu na jicho la kulia, nikafumba la kushoto kama fundi saa, nikabinya. Taratibu tu, nione kama itasogea.

Ilisogea.

Sekunde ya kwanza haikuuma. Mbegu ilinigonga shavuni, tki, ukafuatia ubaridi, na aibu yangu kubwa ni kwamba nilifurahi. Nilisema kwa sauti, "Imezibuka!" Sekunde ya pili nikapumua ndani, kosa. Sekunde ya tatu jicho likajifunga lenyewe, likakataa mazungumzo. Nikatupa chupa. Nikasema tulia, jifute. Mkono ukapanda begani, ukakuta kitambaa, nami nikajifuta. Kwa bidii. Jicho la kulia, kisha la kushoto ambalo halikuwa na kosa lolote, kisha pua, kisha, kwa kuwa nilikuwa nahema mdomo wazi, midomo yote miwili.

(Wewe unayecheka, nakuona. Kwa jicho moja, lakini nakuona.)

Nikaenda bombani kwa kupapasa, nikiwa nimekumbatia kila kitu njiani, ukiwemo mti wa kuanikia nguo. Macho niliyaosha kwa maji mengi sana, na kwa macho ni maji safi tu, msije mkajaribu mengine. Lakini midomo na mashavu maji hayakuyasaidia. Ukali wa pilipili una tabia ya mafuta, maji yanautembeza tu, yanautafutia kiwanja kipya. Maziwa ndiyo yanaubeba. Basi nikamimina maziwa kwenye bakuli, nikatumbukiza uso kuanzia puani kwenda chini. Mlango ukafunguliwa.

Mengine ni mafupi. Macho yalikuwa mekundu hadi usiku. Ndoo niliimwaga. Jioni ya pili nikachanganya kijiko cha sabuni ya maji kwenye lita moja, nikajaribu kwanza kwenye jani moja, kisha nikapulizia chini ya majani, kwa kuwa sabuni haifanyi kazi mpaka imguse kidukari mwenyewe. Wamepungua sana. Juzi wamekuja wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, wanawala waliobaki bila kelele na bila glavu.

Ila kuna kipande ambacho rafiki yangu hajawasimulia. Sijui ni huruma au anakiweka akiba, kwa hiyo acha nikitoe mwenyewe. Alipomaliza kucheka alitoka nje kuuangalia mmea wenyewe. Akageuza jani, akawatazama vidukari, akarudi kunitazama mimi.

"Ndugu yangu. Huu si mpilipili?"

Nikanyamaza.

"Wanaishi kwenye mpilipili, nawe umewatishia pilipili?"

Nikamweleza kwamba ukali unakaa kwenye tunda, wala si kwenye majani wanayoyanyonya, kwa hiyo kimsingi hawajawahi kukutana nao. Nilieleza vizuri sana, kwa utulivu, maziwa yakinidondoka kidevuni.