Si Unaandika Tu?

Hapa Kihesa, fundi viatu akikugongea msumari mmoja unamlipa. Kinyozi unamlipa, hata kama nywele zenyewe ziliondoka zamani kwa hiari yao. Bodaboda akikupandisha kilima unamlipa, na akikuangusha njiani bado anadai. Ila mimi niliyeanza kuandika enzi za taipureta, nikimtungia mtu kurasa mbili naambiwa, "Asante babu, Mungu atakulipa." Mungu ana madeni yangu mengi sana mjini Iringa.

Namna wanavyoanza naijua. Mtu anabisha hodi, "Kamwene, babu!" Naitikia. Anauliza hali ya baridi, hali ya mahindi, hali ya bibi. Akifika kwenye hali ya mbuzi, na mbuzi sina, najua kuna karatasi mfukoni. "Babu, nilikuwa na kajishida. Wewe si unaandika tu?"

Chukua barua ya posa. Kijana anataka maneno matamu, yenye adabu, na lazima humo ndani kuwe na ua lililochanua kwenye bustani ya wazazi. Nakesha na blanketi mabegani, maana Juni ya huku haina mzaha. Barua inatiwa kwenye bahasha, na humo humo wanaweka hela ya kufungulia barua. Ya kufungulia! Baba wa binti anachana gundi kwa kidole, anakula elfu hamsini. Aliyeijaza maneno alipewa soda, tena ya baridi.

Nyumbani nako sina nafuu. Kwa macho ya mke wangu, mwandishi akiwa kazini ni mzee anayetazama dirisha.

"Baba Neema, unafanya nini hapo?"

"Kazi."

"Mbona mikono haitembei? Hebu niangalizie maharage."

Basi mhusika wangu amesimama mlangoni na panga tangu Pasaka, hajui aingie au arudi. Kila akiinua mguu, maharage yanataka maji.

Mjukuu anasema dawa ni simu. Simu yenyewe imesomea Uingereza, kila nikiandika inanichorea mstari mwekundu kama mwalimu aliyeamka vibaya. Na yeye akiniandikia ni "xaxa babu". Nikimuuliza hiyo x imetoka kijiji gani, anasema inaokoa muda. Nimehesabu herufi, ni zilezile nne. Huo muda uliookolewa ungenisaidia kwenye maharage.

Siku yangu ya kutukuka ni Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Tarehe ni ya heshima, TANU ilizaliwa siku hiyo mwaka 1954, sina ugomvi nayo. Lakini waliokaa kule Paris hawakumfikiria mzee wa Nyanda za Juu Kusini atakayesimamishwa uwanjani asubuhi, mwezi wa saba, atoe mada. Meno yanagongana, watoto wanadhani ni lahaja. Wale wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 nao walikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sawa, Unguja kuna joto, mtu anatamka irabu zote kwa raha zake. Njoo uzitamke Iringa saa mbili asubuhi! Malipo, chupa ya maji.

Haya yote nayameza. La mwezi uliopita ndilo limenikaa kooni. Jirani yetu mmoja alifariki, Mungu amlaze mahali pema, akiwa na hela yangu ya gunia la mahindi. Watoto wake wakaja tuandike wasifu wa marehemu. "Tuandike" maana yake mimi niandike, wao wanywe chai. Nikaandika alizaliwa, alisoma, alioa. Nikaandika alipenda watu, hasa wenye kukopesha. Wakafuta hayo ya mwisho, wakaweka "hakuwahi kumdhulumu mtu". Kwenye karatasi yangu! Siku ya mazishi msomaji alipofika hapo, mwenye bucha akakohoa, mama ntilie akakohoa, msiba mzima ukashikwa kifua.

Tulipomaliza kuzika, msemaji wa familia akatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu au anayedaiwa naye awaone wanafamilia. Wanaodaiwa hawakuonekana. Sisi wa kudai tulijipanga hadi kwenye mianzi ya jirani. Nikafika mbele. Mtoto mkubwa akanitazama kwa upole.

"Babu, tuletee kwa maandishi."

Sijafungua mdomo, akapaza sauti kwa wa nyuma: "Nanyi wengine msihangaike, babu yupo, atawaandikia."

Nikawaandikia. Mwenye bucha alilipwa wiki ileile, wanasema barua yake iliwatoa machozi. Yangu bado wanaisoma.