Sikuoga, Nilivua Soksi Moja Tu

Kwanza tuelewane: sikuoga. Mliosikia ile sauti aliyoituma yule Mpemba kwenye kundi, eti nimevua nguo nikaoga hekaluni Japani, nilivua kiatu kimoja. Na soksi yake. Mama keshanipigia kutoka Mwanakwerekwe kuuliza kama nina homa, ndiyo maana naandika usiku huu huu kabla habari haijamfikia bibi.

Jumamosi Mpemba aliniandikia: "Kesho twende jinja." Nikamuuliza nauli ya Uganda analipa nani. Kumbe jinja kwa Kijapani ndilo hekalu la Kishinto, dini ya asili ya Wajapani. Hili letu dogo, la mtaani, la Inari, mungu wao wa mpunga na biashara. Kubwa lao ni Fushimi Inari kule Kyoto, lile la malango mekundu kwa maelfu; haya madogo yametapakaa nchi nzima, yanatajwa kufika 30,000. Langoni wamekaa mbweha wawili wa mawe kama walinzi wa benki. Mbweha si mungu, msije mkanisingizia na hilo. Ni tarishi wake. Mmoja wa hawa kauma ufunguo wa ghala la mpunga.

Njia nzima Mpemba ananipa darsa. Miaka minne tu huku, ungesema kazaliwa nao. Langoni wanainama. Katikati ya njia hawapiti, ni pa mungu. Kwenye sanduku wanatupa sarafu ya yeni 5, kwa sababu "goen" ni yeni 5 na tena ni mafungamano ya watu. Wanainama mara mbili, makofi mawili, wanainama tena. Sisi tunakwenda kutazama tu, lakini kunawa tutanawa, ni adabu ya mgeni. "Kunawa kwenyewe rahisi," akasema, "utaona wenzio."

Hapo ndipo aliponichinja.

Pembeni pana kibanda, na chini yake birika la jiwe, na juu ya birika zimelazwa kata za mwanzi. Mahekalu mengi yaliziondoa kata wakati wa korona. Hili, kwa mkosi wangu, zimo. Jamani, birika na kata! Mie nimekulia msikiti wa birika, kata yetu ya kifuu. Moyo ukatulia kabisa, kama niko Unguja.

Mzee wa mbele yangu akachota. Akamwagia mkono wa kushoto, akahamisha kata, akamwagia wa kulia. Akatia maji kiganjani, akasukutua. Akaisimamisha kata, maji yaliyobaki yakateremka kuosha mpini. Kata moja tu, kamaliza. Nami nikachota.

Mkono wa kushoto. Wa kulia. Kinywa. Mpaka hapo niko sawasawa, mama mmoja hata alitabasamu kuniridhia. Shida ni kwamba mwili wangu haujafunzwa kusimama hapo. Tangu nina miaka saba, baada ya kinywa inakuja pua. Nikavuta maji puani. Maji ya Novemba hayo, yalipanda mpaka kwenye ubongo. Nikapenga. Nyie mnaonijua mnajua ninavyopenga.

Uso, mara tatu. Nikapandisha mikono ya koti, nikaosha mpaka viwikoni. Nikachota tena. Nikapaka kichwa. Masikio. Nakumbuka nilisikia kimya kimetanda nyuma yangu, nikajisemea: watu hawa wana heshima.

Nikavua kiatu. Nikavua soksi, nikaiweka vizuri kando. Nikaunyanyua mguu wa kulia, kisigino kikatua ukingoni mwa birika, kata iko juu inakaribia kumwaga.

Ndipo nikainua macho.

Novemba ndiyo msimu wa Shichi-Go-San, watoto wa miaka 3, 5 na 7 huletwa hekaluni kuombewa. Kwa hiyo nyuma yangu palikuwa na foleni ya familia nzima nzima, watoto wamevishwa kimono za maua, bibi zao wamesuka nywele. Baba mmoja alikuwa na maji mdomoni, mashavu yamevimba, kasahau kuyatema. Mpiga picha kashusha kamera. Mguu wangu bado uko juu.

Kitoto cha kike kikanyoosha kidole, kikauliza neno moja: "Kitsune?"

Yaani mbweha. Katika hadithi za huku mbweha hujigeuza mtu, ila kuna mahali hujisahau, mara mkia unabaki nje. Mtoto akasogea upande, akanichungulia nyuma. Wallahi, nami nilijipapasa.

Na Mpemba? Kachuchumaa nyuma ya mbweha wa jiwe, analia kwa kicheko, simu mkononi.

Basi, akaja binti wa hekalu mwenye hakama nyekundu, lile vazi lao pana kama sketi, akanipa taulo kwa mikono miwili, nikasema sumimasen, yaani samahani, kama mara arobaini, nikavaa kiatu, nikatoka mbio. Katikati ya njia, pale pale pa mungu.

Pale langoni zinauzwa karatasi za bahati, omikuji. Anayepata mbaya huifunga kwenye kamba akaiacha hapo hapo. Mie sikununua, ila nami nimeacha changu: kwenye treni ndipo nilipoona mguu mmoja hauna soksi. Mpemba anasema turudi tukaiulizie. Aende yeye. Ni ya kijivu, ina tobo la kidole gumba.