Nani alilipia dizeli ya malori yale?

Uchaguzi mmoja wa nyuma nilikuwa mweka hazina wa kamati ya kampeni ya mgombea udiwani, huku kwetu Uyole, Mbeya. Nilikabidhiwa kaunta buku na kuambiwa niandike kila kinachoingia na kinachotoka. Nikaandika: kukodi spika na jenereta, mafuta ya bodaboda, fulana, maji, chakula cha mawakala.

Siku ya tatu yakaingia malori mawili ya viazi, yamejaa vijana wanaimba jina la mgombea wetu. Nikauliza dizeli imelipiwa na nani. Mwenyekiti wa kamati akanivuta pembeni: "Mama, hayo ni ya rafiki wa mgombea. Usiyaweke kwenye daftari." Sikuyaweka. Nilikosea, na tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka moyoni.

Wakulima wa viazi tunaijua lumbesa. Gunia linashonewa kilemba juu, mnunuzi anaondoka na gunia na nusu, karatasini limeandikwa gunia moja. Hesabu niliyoitunza mimi ilikuwa hivyohivyo. Kilichoandikwa kilikuwa kweli tupu, ila kilemba hakikuonekana.

Sheria ipo. Kabla yake tulikuwa na takrima: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikamruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, mpaka Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao walipokwenda Mahakama Kuu, nayo mwaka 2006 ikakifuta kifungu hicho kwa kuwa kilimbagua mgombea asiye na kitu. Kisha ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, ambayo Rais Jakaya Kikwete aliisaini Machi mwaka huo. Inamtaka mgombea aeleze fedha alizonazo na anazotarajia kutumia. Michango mikubwa itajwe pamoja na aliyeitoa. Kura zikiisha, mgombea apeleke hesabu kwa chama chake, na chama kipeleke kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Hata kikomo cha matumizi huwekwa kwa kutazama ukubwa wa eneo, idadi ya watu na hali ya mawasiliano, na hilo naliunga mkono kabisa. Aliyepanda milima ya Makete wakati wa masika, gari likizama matopeni kila kilima, hawezi kudai kwamba kampeni ya kule inalingana gharama na ya hapa mjini.

Kinachoniumiza ni njia ya karatasi hizo. Zinapanda tu. Zinatoka kata, zinakwenda chamani, zinakwenda kwa Msajili, na sisi tuliopiga kura hatuzioni zikirudi. Ndiyo, tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na mtu anaweza kuandika barua ya kuomba. Lakini bibi anayeuza ndizi pale stendi ya Tukuyu ataiandika saa ngapi?

Kwenye kikoba chetu, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Jumamosi tunalifungua mbele ya wote, fedha inahesabiwa kwa sauti, na mama asiyejua kusoma anaikumbuka jumla ya wiki iliyopita kuliko katibu. Vijijini serikali ya kijiji inatakiwa kuwasomea watu mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu. Kama mwenyekiti wa kijiji anabanwa kwa mchango wa darasa, kwa nini anayeomba udiwani asibanwe kwa malori mawili? Diwani ndiye anayekwenda kukaa kwenye baraza la halmashauri, wanakojadili ushuru wa mazao, vizimba vya soko, barabara za mashambani na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nikijua nani alimwekea dizeli, nitajua nimtazame wapi baraza linapogawa zabuni.

Mdogo wangu, anayefanya biashara Mwanjelwa, ananipinga. Anasema ukibandika hadharani majina ya wachangiaji, anayechangia chama kisicho madarakani ataanza kusumbuliwa kuhusu leseni na fremu yake. Hofu hiyo naiheshimu, maana si ya kubuni. Ndiyo maana sitaki mama lishe aliyetoa elfu kumi atajwe popote, na mzee aliyetoa debe la mahindi aachwe na amani yake. Ninaowataja mimi ni wenye malori. Mtu mwenye uwezo wa kubeba kampeni ya kata nzima mgongoni mwake si mnyonge, na majina ya wachangiaji wa vyama vyote yakitoka siku moja, kwenye ubao mmoja, hakuna atakayekuwa amesimama peke yake.

Ninachoomba si kigumu. Karatasi moja kwa kila mgombea ibandikwe kwenye ofisi ya mtendaji wa kata: fedha yake mwenyewe, ya chama, ya wachangiaji wakubwa kwa majina, na vitu walivyotoa vikiwa vimepigiwa bei, kwa sababu dizeli ni fedha, na lori la kuazima ni fedha. Ibandikwe wiki moja kabla ya kura, wakati bado tunaweza kuisoma tukabadili mawazo.