Kinga ya mwili na mimba za kupandikiza: tulipie kipi?

Mama akipandikizwa kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabara, mara mbili, tatu, mimba isishike, lazima atafute sababu. Kwa baadhi ya wanaohangaika hapa Dar es Salaam, jibu linalotolewa ni kinga: mwili wako unaikataa mimba. Hufuata kipimo cha seli za NK ("natural killer", seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa), kisha dripu ya mafuta ya soya au vidonge vya prednisoloni, vyote vikitolewa kwa nia ya kushusha kinga. Wanandoa waliokwisha kuuza kiwanja Mbagala watalipa na hicho pia.

Hoja yenyewe si ya kubuni. Tangu mwaka 1953 Peter Medawar, mwanasayansi wa Uingereza, aliuliza inakuwaje mama ambaye angeikataa figo ya mtu baki ambebe miezi tisa mtoto mwenye nusu ya urithi wa baba. Na wapo wanaoponzwa na kinga kweli. Wenye kingamwili za antifosfolipidi, zinazofanya damu igande ovyo, huharibikiwa na mimba mfululizo, na aspirini pamoja na sindano za heparini huwasaidia. Aliyepoteza mimba tatu bila kupimwa hilo ana haki ya kulalamika.

Kutoka hapo hadi seli za NK ni mbali. Mimba ikiwa changa, seli hizi hufikia kama asilimia 70 ya seli za kinga katika ukuta wa kizazi, na hazipo pale kuua. Husaidia kutanua mishipa ya damu inayolisha kondo la nyuma. Zilizo katika damu ya mkononi zina tabia nyingine, kwa hiyo kuzipima hakutuelezi yanayotokea kizazini.

Dawa nazo zimejaribiwa. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2023 ulihusisha wanawake 715 waliopandikizwa mara mbili au zaidi bila mafanikio. Waliopewa prednisoni, dawa ya jamii moja na prednisoloni, asilimia 37.8 walipata mtoto hai. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, 38.8. Waliojifungua njiti walikuwa wengi zaidi upande wa dawa.

Watetezi wanasema utafiti ule uliwachanganya wote, na huenda wachache wenye shida hasa ya kinga wangenufaika. Nakubali inawezekana. Ila wachache hao tutawatambuaje, kipimo chenyewe kikiwa hakiaminiki? Mwaka 2023 jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, ESHRE, ilishauri vipimo na tiba nyingi za aina hii zisitolewe kama huduma ya kawaida.

Kwetu kuna jambo linaloniogopesha zaidi. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huo huingia hadi kwenye mirija na kizazi, mara nyingine bila kikohozi wala homa. Kumpa mama mwenye ugonjwa huo dawa ya kushusha kinga kunaweza kuuamsha ukiwa umelala. Kabla ya dripu yoyote, ningependa daktari aulizwe mambo matatu: je, kifua kikuu kimetafutwa, antifosfolipidi imepimwa, na umri wa mayai umezungumzwa waziwazi? Maana viinitete vingi havishiki kwa kasoro za kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, na kasoro hizo huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea.